Kutoka Granada hadi Cusco: Darsa ya Msafiri Mwenye Begi Mgongoni



Ndugu wasomaji, mwaka jana darasani tulisoma historia ya Andalusi. Tulipofika mwezi Januari 1492, Granada ilipokabidhiwa kwa wafalme wa Hispania, mwalimu alifunga kitabu nasi tukafunga madaftari. Nilidhani kisa kimeishia hapo. Baadaye, nikisoma peke yangu, nikakuta kwamba dola ileile ilivuka bahari, na miaka arobaini na moja baadaye askari wake waliingia Cusco, mji mkuu wa Wainka katika milima ya Andes.

Sijafika Cusco, mfuko wa mwanafunzi mnaujua. Lakini vijana wengi duniani huenda huko na begi mgongoni, na huenda siku moja mmoja wetu akapata nafasi. Qur'ani imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Basi tutembee, tukijifunza namna ya kutazama.

1. Kabla ya kupanda

Cusco, nchini Peru, iko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kampala ni kama mita 1,200 tu. Hewa ya huko ni nyepesi: kichwa huuma, pumzi hukatika, usingizi hupaa. Wenyeji huyaita maradhi hayo *soroche*. Tiba ya kwanza ni utulivu. Siku mbili za mwanzo usikimbilie ngazi, kula kidogo, kunywa maji, na hali ikizidi shuka chini umwone daktari.

Utakaribishwa chai ya majani ya koka. Sheria ya Peru inairuhusu, lakini ndiyo majani yanayotengenezewa kokeini, na ukivuka nayo mpaka unaweza kukamatwa. Asiyetaka shaka aombe chai ya *muña*, mmea wa milimani wenye harufu kama ya nanaa.

Angalia pia neno *chicha*. *Chicha morada* ni kinywaji cha mahindi ya zambarau yaliyochemshwa, hakina ulevi. *Chicha de jora* ni mahindi yaliyochachushwa, yaani pombe. Vijijini nyumba inayouza pombe hiyo husimamisha ufito wenye kitambaa au mfuko mwekundu. Jina moja, hukumu mbili. Uliza kabla ya kunywa.

Chakula hakitakushinda: kuna samaki wa mitoni, mahindi, na viazi vya rangi nyingi. Viazi mviringo tunavyovila kutoka Kabale na Musanze asili yake ni milima hiyo ya Andes. Na kibla? Sisi Kampala tunaelekea kaskazini, lakini Cusco utaelekea mashariki, ukipinda kidogo kaskazini.

2. Kuta za chini na kuta za juu

Ukipita mtaa wa Hatun Rumiyoc utaona jiwe mashuhuri lenye pembe kumi na mbili. Wainka walilichonga likakaa sawasawa na majirani zake bila saruji wala udongo. Watalii hupiga picha wakaondoka. Wewe inua macho: juu ya ukuta huo wa Wainka kumejengwa jumba la askofu.

Nenda Qorikancha, lililokuwa hekalu kuu la jua. Juu yake Wahispania walijenga kanisa na nyumba ya watawa. Tetemeko la mwaka 1950 lilipobomoa sehemu ya majengo hayo, kuta za Wainka zilionekana tena, zimesimama. Panda kilimani Sacsayhuamán uone mawe ambayo makubwa yake hupita tani 100. Yaliyobebeka yalichukuliwa na watawala wapya, wakajengea nyumba zao mjini.

Mwanafunzi wa Andalusi anaifahamu picha hii. Msikiti mkuu wa Kordoba nao una kanisa ndani yake.

3. "Misikiti" ya Wainka

Francisco de Xerez, karani wa Pizarro, alichapisha habari za vita vya Peru mjini Sevilla mwaka 1534. Alipoeleza mahekalu ya Wainka aliyaita *mezquitas*, yaani misikiti. Hapakuwa na Mwislamu wala msikiti huko. Lakini kwa karne nyingi adui waliyemjua alikuwa Mwislamu, basi kila aliyekuwa tofauti akavishwa kanzu hiyo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Santiago, yaani Yakobo, mtakatifu wao wa vita. Hispania walimwita Matamoros, muuaji wa Wamoro, wakimchora juu ya farasi na Mwislamu chini ya kwato. Mwaka 1536 Manco Inca alipouzingira Cusco, Wahispania walisimulia kwamba mtakatifu huyo aliwatokea akawaokoa. Peru akaitwa Mataindios, na aliyelala chini ya kwato sasa ni mwenyeji wa Andes.

Tusikimbilie kulia upande mmoja, lakini. Wainka nao walikuwa watekaji. Walihamisha jamii nzima kutoka makwao, na juu ya vilele vya milima walitoa watoto kafara. Pizarro alikuwa na watu 168 tu siku alipomkamata mfalme Atahualpa huko Cajamarca, Novemba 1532. Asingefika mbali kama Wainka wasingekuwa wametoka kupigana ndugu kwa ndugu, na kama makabila waliyoyatawala kwa nguvu yasingemuunga mkono mgeni. Andalusi nayo ilianza kuanguka pale watawala wake walipogawanyika wakaomba msaada kwa adui.

4. Mtoto wa Cusco aliyezikwa Kordoba

Kisa hiki ndicho kilichoninyima usingizi. Mwaka 1539 alizaliwa Cusco mtoto ambaye mama yake ni binti wa ukoo wa kifalme wa Wainka, na baba yake ni kapteni wa Kihispania. Tunamjua kwa jina la Inca Garcilaso de la Vega. Mwaka 1560 alikwenda Hispania. Wamorisko, wazao wa Waislamu waliolazimishwa ubatizo, walipoasi katika milima ya Alpujarras, Garcilaso alijiunga na jeshi la mfalme kuwazima.

Mtoto wa walioshindwa alitumwa kuwapiga walioshindwa wengine. Baadaye alitumia uzee wake kuandika historia ya watu wa mama yake. Sehemu ya kwanza ilichapishwa Lisbon mwaka 1609, mwaka uleule mfalme alipoanza kuwafukuza Wamorisko. Alifariki 1616, akazikwa katika kanisa dogo ndani ya ule msikiti wa Kordoba.

Sikumhukumu. Nilijiuliza tu: mimi ningekuwa yeye, ningetambua kwamba yule mbele ya upanga wangu anafanana na mama yangu?

5. Mafundo yasiyosomeka

Wainka hawakuandika kwa wino. Waliweka kumbukumbu kwa *khipu*, kamba zenye mafundo, na wataalamu wake walijulikana kama *khipukamayuq*. Mafundo ya hesabu wasomi wa leo wanayasoma. Mengine, yanayodhaniwa kubeba habari, hayajapata msomaji mpaka leo. Kamba ziko, lakini mlolongo wa mwalimu na mwanafunzi ulikatika.

Hapa tujiangalie wenyewe. Makwetu kuna wazee waliosoma kwa mashekhe, wenye daftari za hati ya Kiarabu ambazo wajukuu hawawezi kuzisoma. Hakuna jeshi lililovamia. Sisi tu hatukukaa nao.

Ya kujadili katika darsa ya wiki

1. Ni jengo gani karibu nawe lililosimama juu ya kumbukumbu ya watu wengine? Nani anaikumbuka?
2. Je, tunaichukia dhulma, au tunaichukia pale tu inapotupata sisi?
3. Likizo ijayo, ni mzee gani utakayekaa naye usome daftari lake?

Swali la tatu nimeanza kulijibu. Babu yangu ana sanduku chini ya kitanda, na Inshaallah mwezi wa Desemba tutalifungua pamoja.

Wabillahi tawfiq.