Graniti na Kingo za Kale za Mabara

Ukiulizwa graniti ni nini, najua utakachoandika: ni mwamba moto uliotokana na magma kupoa polepole chini ya ardhi, ndiyo maana chembe zake ni kubwa. Ni sahihi, na alama zako utapata. Lakini swali la insha haliishii hapo. Linataka useme magma hiyo ilitoka wapi, ni kitu gani kiliyeyuka, na kwa nini kiliyeyuka mahali pale. Ukiweza hilo, jiwe linakuwa ushahidi wa mabamba ya gandunia yaliyokwisha kutoweka.

Tuchukue mfano wa milima ya Sierra Nevada, California, nchini Marekani. Sehemu kubwa ya milima hiyo ni graniti na miamba ya jamii yake. El Capitan na Half Dome, majabali ya Yosemite yanayoonekana kwenye picha nyingi, ni sehemu ya batolithi hiyo. Usidhani ni tonge moja la magma. Ni miili mingi iliyopanda kwa awamu, mingi kati ya hiyo ikiwa na umri wa miaka milioni 120 hadi 80 hivi. Umri huo hupimwa kwa zikoni, madini madogo magumu yanayopokea urani yanapoganda lakini hukataa risasi. Kwa hiyo risasi inayokutwa humo leo imetokana na urani iliyooza, na kiasi chake ndicho saa yetu.

Sasa, kwa nini miamba iliyeyuka? Wengi huandika kwamba bamba la bahari lilizama, likapata joto, likayeyuka. Jibu hilo ni la nusu. Linalofanya kazi hasa ni maji. Bamba la bahari hushuka likiwa na maji ndani ya madini yake. Likifika kina cha kilomita 100 hivi, maji hayo hutoka na kupanda kwenye koti la dunia lililo juu yake. Maji hushusha kiwango cha kuyeyuka cha mwamba, na magma huanza kutokea. Magma hiyo hupanda, hukwama chini ya ganda la bara, huyeyusha baadhi ya miamba ya hapo na kuchanganyika nayo. Nyingine hufika juu kama volkeno, nyingine huganda chini kama graniti. Kwa hiyo batolithi ya Sierra Nevada ni mizizi ya safu ya volkeno ambazo mmomonyoko umekwisha kuziondoa.

Mtahini atataka ushahidi zaidi ya graniti yenyewe, nao upo upande wa magharibi. Ukitoka Sierra Nevada kuelekea baharini unakuta kwanza bonde kubwa lililojaa mashapo. Kisha, pwani karibu na San Francisco, kuna mashapo ya bahari kuu yaliyovurugika pamoja na vipande vya ganda la bahari. Baadhi ya vipande hivyo vimegeuzwa na mgandamizo mkubwa huku joto likiwa dogo, hali inayopatikana pale bamba baridi linapozamishwa kwa haraka. Panga sasa: handaki la bahari, bonde la mashapo, safu ya volkeno. Mpangilio huohuo uko leo Amerika ya Kusini, ambako bamba la Nazca linazama chini ya milima ya Andes.

Lakini ukitazama ramani ya leo, mbele ya San Francisco hakuna handaki. Kuna ufa wa San Andreas, ambako mabamba yanapitana kwa upande. Bamba lililozama, liitwalo Farallon, limekwisha karibu lote. Kipande chake kilichobaki, Juan de Fuca, bado kinazama kaskazini zaidi, na ndicho kinacholisha volkeno kama Mlima St. Helens uliolipuka mwaka 1980.

Graniti huonyesha hata mahali ukingo wa bara la kale ulipokuwa. Miamba ya kale ya bara hukusanya strontiamu-87 kutokana na rubidi inayooza humo. Mwaka 1973 Kistler na Peterman walionyesha kwamba, ukivuka Sierra Nevada kwenda mashariki, uwiano wa mwanzo wa strontiamu-87 kwa strontiamu-86 katika graniti hupanda kupita 0.706. Mstari huo huchukuliwa kuwa mpaka wa bara la kale, ingawa hauonekani kwa macho.

Si kila graniti huzaliwa hivi. Mwaka 1974 Chappell na White, wakichunguza graniti za kusini-mashariki mwa Australia, walizigawa mbili: zilizotokana na miamba moto ya awali, ambazo mara nyingi zina hornblendi, na zilizotokana na mashapo yaliyoyeyuka, ambazo zinaweza kuwa na ulanga mweupe au ganeti. Graniti nyeupe za Himalaya ni za kundi la pili. Hapo bara liligonga bara, ganda likanenepa, na mashapo yaliyozikwa yakayeyuka. Kwa hiyo ukipewa orodha ya madini, usikimbilie neno "kuzama". Tazama kwanza kama kuna hornblendi au ulanga mweupe. Hata hivyo, madini pekee hayatoshi kufunga kesi, kwani kuna graniti zilizochanganyika. Unganisha madini, umri na miamba ya jirani.

Kwa mawe ya Mwanza, yenye umri unaozidi miaka milioni 2,500, kazi ni ngumu zaidi, maana handaki, volkeno na mashapo ya jirani mengi yamefutika au yamegeuzwa.

Jaribu: "Katika eneo fulani kuna graniti yenye hornblendi, ya miaka milioni 100. Kilomita 200 magharibi yake kuna mashapo ya bahari kuu yaliyovurugika. Eleza historia ya eneo hilo." (Alama 10.) Anza na bamba lililozama na uelekeo wake, kisha kazi ya maji, kisha volkeno zilizomomonyoka. Uelekeo ndio husahaulika: handaki lilikuwa magharibi, hivyo bamba lilizama kuelekea mashariki.