Skauti na Kadeti wa Anga: Namna ya Kushirikiana Bila Kumezana

Kundi la skauti linaweza kukutana kila Jumatatu jioni katika ukumbi wa kanisa, na kikosi cha kadeti wa Civil Air Patrol (CAP) kikakutana Jumanne kwenye uwanja mdogo wa ndege wa mji huohuo, na miaka ikapita viongozi wao hawajuani hata kwa sura. Wanaopoteza ni watoto. Skauti wana beji ya urubani lakini mara nyingi hawana rubani wa kuwafundisha. Kadeti wana marubani na mafundi wa redio, ila wengine hawajawahi kupika kwa kuni wala kulala hemani mvua ikinyesha.

Kama unaishi Marekani na umejitolea kulea vijana upande mmojawapo, unaweza kuwakutanisha. Ushirikiano unaodumu huanza na shughuli moja ndogo, na kila upande hubaki na sheria zake.

1. Mjue mwenzako kabla ya kubisha hodi

CAP iliundwa tarehe 1 Desemba 1941, siku sita kabla ya Pearl Harbor kushambuliwa, na tangu 1948 ni msaidizi rasmi wa kiraia wa Jeshi la Anga la Marekani. Ina kazi tatu: huduma za dharura, elimu ya anga na malezi ya kadeti. Kijana hujiunga kuanzia miaka 12 na anaweza kubaki kadeti mpaka atimize 21. Kuna sare, vyeo, gwaride na mitihani.

Scouting America, iliyoitwa Boy Scouts of America hadi Februari 2025, ina utaratibu mwingine. Kundi la vijana wa miaka 11 hadi 17 hudhaminiwa na taasisi ya mtaani, kama kanisa, shule au chama cha kijamii, na huwa na kamati ya wazazi. Kwa hiyo upande wa CAP mtafute kamanda wa kikosi, na upande wa skauti zungumza na kiongozi wa kundi pamoja na mwenyekiti wa kamati. Ukimpata mmoja ukamwacha mwingine, mpango utakwama.

Msianze na mkataba. Makubaliano rasmi hupanda ngazi za juu na huchukua muda. Kwa shughuli ya siku moja, andikeni ukurasa mmoja: tarehe, mahali, nani anafundisha nini, nani anasimamia watoto gani, na nani anapigiwa simu mtoto akiumia.

2. Anzeni na beji ya urubani

Wengi hudhani beji hii haipatikani bila kupanda ndege. Sivyo. Masharti yake humpa skauti nafasi ya kuchagua: kuruka ni njia moja tu, na zipo nyingine kama kukagua ndege ndogo kabla ya safari chini ya uangalizi, kusoma ramani ya anga na kupima mwelekeo wa safari, au kuirusha safari hiyo kwenye programu ya kompyuta. Skauti hutakiwa pia kujua jinsi mabawa na mkia vinavyoiongoza ndege, kutengeneza ndege ya mfano, kutembelea mahali kama uwanja wa ndege au makumbusho ya anga, na kuchunguza kazi za sekta hiyo.

Hayo yote ndiyo mambo ambayo kikosi cha CAP hufundisha mwaka mzima. Jumamosi moja inatosha kuyaanza. Asubuhi, vijana wagawanywe katika vituo vitatu: ramani, kompyuta na ndege iliyoegeshwa. Mchana wakate ndege za mfano kutoka kwenye sahani za povu zenye upana wa inchi 9, wazirushe na kushindana. Vituo viongozwe na kadeti wenyewe. Kijana wa miaka 15 anayemweleza mwenzake kwa nini bawa hunyanyuka hujifunza mara mbili, na skauti humsikiliza kuliko anavyomsikiliza mtu mzima.

Atakayetia saini ya kukamilisha beji ni lazima awe mtu mzima aliyesajiliwa na Scouting America kama mshauri wa beji hiyo. Rubani wa CAP mwenye uzoefu wa miaka 30 hana mamlaka hayo kama hajasajiliwa. Aombe mapema, maana kuna mafunzo ya ulinzi wa watoto na uchunguzi wa rekodi zake.

3. Safari ya angani ipangwe peke yake

Kadeti wa CAP aliye chini ya miaka 18 hupangiwa safari tano za ndege yenye injini na tano za ndege isiyo na injini, bila malipo. Mpango huo ni wa kadeti. Skauti asiye mwanachama hana haki ya kupandishwa humo kwa sababu tu amekuja kutembelea. Msiwaahidi watoto jambo hilo.

Njia nyepesi ni Young Eagles, mpango wa chama cha marubani cha EAA ulioanza 1992. Huwarusha bure vijana wa miaka 8 hadi 17, na marubani wake ni wa kujitolea. Hata hivyo, skauti wana masharti yao ya kuruka: idhini ya mzazi kwa maandishi na orodha ya mambo ya kukaguliwa. Jazeni karatasi hizo wiki kadhaa kabla.

4. Fuateni sheria iliyo kali zaidi

Pande zote mbili zinakataza mtu mzima kubaki peke yake na mtoto. Upande wa skauti, kila shughuli inahitaji angalau viongozi wawili waliosajiliwa wenye miaka 21 au zaidi. Tangu Septemba 2023, mtu mzima yeyote anayelala kambini na skauti ni lazima awe amesajiliwa. Kamanda wa kikosi akija kulala, naye ajisajili, au arudi kwake jioni.

Mtego mkubwa ni umri. Kadeti wa miaka 19 bado ni kadeti, lakini mbele ya kundi la skauti ni mtu mzima. Hawezi kulala hema moja na skauti wa miaka 14, hata kama wamekuwa marafiki. Chukueni orodha ya umri wa wote kabla ya kugawa mahema. Bima nayo iulizwe pande zote mbili. Msidhani bima ya mwenyeji inamfunika mgeni.

5. Skauti nao watoe

Upande mmoja ukiwa mwalimu kila siku, mwingine utachoka. Skauti wawaalike kadeti kambini wawafundishe kusoma dira, kufunga mafundo na kutoa huduma ya kwanza. Kisha fanyeni zoezi la kuitafuta ndege iliyopotea: skauti wawe majeruhi walioko msituni, kadeti wawatafute, na baadaye wabadilishane. CAP hutafuta ndege zilizopotea kweli, na skauti wana beji ya utafutaji na uokoaji tangu 2012, hivyo kila mmoja ana sababu ya kuja.

Mwezi Oktoba kuna jambori ya redio, ambayo skauti duniani wamekuwa wakiifanya tangu 1958. Mtafuteni mwanachama wa CAP mwenye leseni ya redio ya ridhaa asimamie mawasiliano. Masafa ya CAP yenyewe yasitumike. Hayakutengwa kwa ajili hiyo.

6. Ondoeni hofu ya kunyang'anyana watoto

Hofu hii huua ushirikiano mwingi, kwa hiyo itajwe mapema. Kubalianeni kwamba siku ya shughuli hakuna fomu za uanachama mezani. Mtoto anayetaka pande zote mbili aruhusiwe, lakini mzazi aangalie ratiba kwanza, maana mshika mawili moja humponyoka. Ikiwa siku za mikutano zinagongana, viongozi waone kama upande mmoja unaweza kuhama.

Baada ya shughuli ya kwanza, kaeni ndani ya wiki mbili na mjiulize mambo matatu: ni skauti wangapi walikamilisha walichokianza, ni kadeti wangapi walifundisha, na nani yuko tayari kuongoza tena. Kama swali la tatu halina jibu kutoka pande zote mbili, msipange kambi. Rudieni Jumamosi moja.