Taa Iliyosahauliwa

Likizo kubwa ilifika. Shule moja ya Kamina ilifungwa mwanzo wa mwezi wa saba. Watoto wakaenda makwao. Wengine walipanda treni kwenda Bukama, wengine Kabongo. Madarasa yalifagiwa, madirisha ya mbao yakafungwa.

Shule hiyo ilikuwa na betri moja kubwa, na paneli mbili za jua juu ya bati. Kwa umeme huo wanafunzi wa mwaka wa sita walisoma jioni, wakijitayarisha kwa mtihani. Direkta aliogopa wezi. Akateremsha paneli, akazifungia ofisini. Hapo alifanya vema. Lakini katika chumba cha vitabu taa moja ndogo ilibaki inawaka. Mchana, jua likiwa kali, nani angeiona?

Mzee wa zamu aliiona usiku. Mwanga mwembamba ulipita chini ya mlango. Hakuwa na ufunguo, naye alifikiri, "Direkta ameiacha makusudi, wezi waogope." Usiku wa sita mwanga haukuwapo. Akasema moyoni, "Vema, amekuja kuizima."

Hakuja mtu. Betri ilikuwa imekwisha.

Fanyeni hesabu. Taa ile ni ya wati 9. Kwa saa 24 hula wati-saa 216. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 huweka wati-saa 1200. Gawanyeni 1200 kwa 216: ni siku tano na nusu tu. Na likizo ina siku karibu 60!

Je, betri ikiisha haijazwi tena? Hujazwa, lakini upesi. Ndani yake mna mabamba ya risasi katika maji ya asidi. Umeme ukitoka, chumvi ya risasi hushika juu ya mabamba. Betri ikijazwa mapema, chumvi huyeyuka. Ikikaa tupu wiki nyingi, chumvi huwa ngumu kama ukoko wa bukari chunguni, na umeme haupiti vizuri.

Mwezi wa tisa paneli zilipandishwa. Jua liliwaka, betri ikakataa. Jioni taa ziliwaka dakika chache, zikafa. Wazazi walichanga, asiye na fedha alileta mahindi. Betri mpya ilipatikana mwezi wa pili, na mtihani ulikuwa unakaribia.

Likizo iliyofuata, Direkta alifunga madirisha kwanza, akapita vyumba vyote pamoja na mzee wa zamu, kwa maana gizani hata taa ndogo hujionyesha. Betri ilijazwa kabisa, kisha paneli zikateremshwa. Ndipo waya za betri zikafunguliwa. Mzee alipewa ufunguo. "Baba, ukiona mwanga, ingia," aliambiwa.

Na shule zenye umeme wa waya? Mabwawa ya Nzilo na Nseke, katika mto Lualaba karibu na Kolwezi, yalijengwa miaka ya 1950. Maji yake huzungusha mashini zinazotoa umeme kwa kusini mwa Kongo. Likizo kubwa huja wakati wa kiangazi, mvua hakuna, na bwawa hutumia akiba ya masika. Friji tupu inayonguruma katika nyumba iliyofungwa hunywa akiba hiyo hiyo.

Maswali

Kwa nini mzee wa zamu hakumwita Direkta?

Kama taa tatu za wati 9 zingesahauliwa, betri ingemaliza siku mbili?