Nyama Choma Nyumbani: Mgeni Ale, Ashibe, Arudi Salama

Mwezi Desemba nyumba nyingi za Bukoba na Muleba hujaa. Waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na Kampala hurudi kwa wazazi, na nyuma ya nyumba jiko la nyama huwashwa. Kijitabu hiki ni cha kaya za Manispaa ya Bukoba na Wilaya ya Muleba. Ujumbe wake ni mmoja: mwenye kumkaribisha mgeni ndiye mlinzi wa afya yake, tangu buchani hadi sahani ya mwisho.

1. Nyama itoke wapi?

Nunua kwenye bucha yenye nyama iliyokaguliwa, na utazame muhuri wa mkaguzi. Mkitaka kuchinja mbuzi au ng'ombe nyumbani, mwombeni afisa mifugo wa kata amkague akiwa hai, kisha aikague nyama.

Mnyama aliyekufa mwenyewe asichunwe, asiuzwe, asiliwe. Huenda ameuawa na kimeta, na vimelea vya kimeta hujihifadhi katika hali ngumu ambayo kuchoma au kuchemsha hakuiondoi kwa uhakika. Toeni taarifa kwa afisa mifugo.

Kwa wanaokula nguruwe: nyama yenye vivimbe vyeupe vidogo ndani ya mnofu ina tegu. Msiinunue.

2. Mikono kwanza

Kwetu mgeni hupokewa kwa kahawa ya kutafuna, na mikono mingi huingia katika chombo kimoja. Kwa hiyo maji na sabuni vitangulie kahawa. Weka kibuyu chirizi au ndoo yenye koki karibu na choo na karibu na meza. Beseni moja likizungushwa, wa mwisho hunawa uchafu wa wote. Afadhali kijana amwagie kila mgeni maji kwa jagi. Sugua kwa sabuni sekunde 20.

Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka Bukoba Vijijini. Ulitangazwa tarehe 21 Machi, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kuwa umekwisha. Tuliyojifunza wakati ule tuyashike: mwenye homa, kutapika au kuharisha asipike, asigawe chakula, awahi kituo cha afya. Mwambieni kwa upendo kwamba fungu lake litamngoja.

3. Moto na mvua

Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na mvua ikinyesha wengi hukimbiza jiko ndani. Hapo ndipo watu hufa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na aliyelala huweza asiamke. Andaeni mapema kibanda kilicho wazi pande zote. Mvua ikizidi, zimeni moto. Jiko lenye makaa lisilazwe sebuleni wala chumbani kwa ajili ya joto.

Msiwashe mkaa kwa petroli. Watoto wakae mbali na jiko, na mtu mzima mmoja asiyekunywa pombe asimamie moto. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno wala mafuta. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa usoni au mikononi, apelekwe hospitali.

4. Iive hadi ndani

Subiri ndimi za moto zitulie, uchomee makaa. Nyama iliyobabuka nje huweza kuwa mbichi ndani, hivyo kata kipande kinene zaidi utazame katikati. Kuku asiwe na wekundu karibu na mfupa. Sato au sangara huwa ameiva mnofu wake unapobadilika rangi na kuachia mifupa kwa urahisi. Wenye kipimajoto wahakikishe katikati pamefika nyuzi 70 za Selsiasi.

- Kisu, kibao na sinia za nyama mbichi zisiguse iliyoiva.
- Viungo vilivyoloweka nyama mbichi visipakwe juu ya iliyoiva.
- Kachumbari ioshwe kwa maji safi na salama, ikatwe kwenye kibao chake, ifunikwe.
- Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kiporo kiwekwe kwenye friji, kisha kipashwe hadi kiwe moto kabisa.

5. Mgeni akiugua

Anayeharisha apewe ORS: pakiti moja katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mtoto apewe pia zinki kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza, na anayenyonya aendelee kunyonya.

Wahini zahanati, kituo cha afya au hospitali mara moja mkiona:

- kuharisha maji mengi mfululizo, au damu kwenye choo;
- kutapika kila anachokunywa;
- macho kuingia ndani, au mkojo kukauka;
- homa kali, au kutoka damu;
- kichwa kuuma, kizunguzungu au kuzimia baada ya kukaa karibu na jiko. Huyu mtoeni kwanza kwenye hewa safi.

Watu 2 au zaidi wakiugua baada ya mlo mmoja, semeni bila kuona haya. Mjulisheni mhudumu wa afya wa jamii au pigeni simu bure namba 199 ya Wizara ya Afya. Waarifuni pia wageni waliokwisha kuondoka, kwa kuwa taarifa yenu ya mapema itawawezesha kutibiwa mapema.