Darsa la Ramadhani, Siku ya 14: Jicho linahitaji nuru



Ndugu zangu wa Kilambo na wote mnaotufuatilia, poleni na swaumu. Leo tuitazame neema moja: kuona.

Anayevuka Ruvuma anajua. Maji yakichafuka, fungu la mchanga na mkondo wenye kina vinafanana. Nahodha hodari naye anakwama. Daktari anayetoa uvimbe kwenye ubongo yuko katika hali hiyohiyo. Pale pembezoni, uvimbe na ubongo mzima vinafanana sana kwa macho. Akibakisha kidogo, uvimbe unaweza kuota tena. Akizidisha kidogo, mgonjwa anaweza kuamka hawezi kusema, au mkono haunyanyuki.

Sasa wataalamu wakatafuta nuru ya kumsaidia. Ipo dawa ambayo mgonjwa anakunywa saa chache kabla ya upasuaji. Daktari akimulika kwa taa ya bluu, baadhi ya aina za uvimbe mbaya zinang'aa rangi ya waridi. Marekani waliiruhusu mwaka 2017. Kawaida mng'ao huo huonekana kwa darubini kubwa ya bei ghali, ndiyo maana watafiti wakageukia miwani ya kuvaa. Mmoja wao ni Samuel Achilefu, mzaliwa wa Nigeria. Yeye na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, walitengeneza miwani inayoonyesha chembe za saratani ziking'aa bluu baada ya mgonjwa kuchomwa sindano ya rangi maalumu. Mwaka 2014 ilitumika kwa mara ya kwanza, katika upasuaji wa saratani ya titi.

Msishangae, jamani. Miaka elfu moja iliyopita Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho huona pale nuru inapotoka kwenye kitu na kuliingia. Bila nuru, jicho zima halioni kitu.

Funzo ni hili: bingwa aliyesoma miaka mingi anakiri kuwa jicho lake lina mpaka, anaomba msaada wa nuru. Sisi je? Mtu anaumwa kichwa wiki nzima, kila asubuhi kinazidi, anatapika. Mtu mzima anaanguka kifafa ambacho hakuwahi kuwa nacho. Upande mmoja wa mwili unalegea, au macho yanafifia. Sisi tumeshatoa hukumu: jini huyo, karogwa. Miezi inapita, na kama ni uvimbe, unakua.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, endeleeni. Lakini Mtume (s.a.w.) alitufundisha pia kutafuta dawa. Dua na hospitali havigombani. Mpelekeni mapema Ligula, wataalamu wamwangalie. Akihitaji kupasuliwa ubongo, Dar es Salaam ipo MOI pale Muhimbili. Wengi wanaijua kwa mifupa tu, kumbe inatibu ubongo na mishipa ya fahamu pia. Vifaa vipya vinasaidia, ila hata miwani bora haimfai mgonjwa aliyefichwa ndani.

Na wewe unayemeza dawa za kifafa, usiziache kwa sababu ya swaumu. Muulize daktari kwanza. Mola amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo ni rehema, usiione aibu.

*Kazi ya leo:* kabla ya futari, mjulie hali mgonjwa mmoja mtaani kwako. Muulize ameanza lini kuumwa na ameshaonwa na nani. Kama tatizo ni nauli, leteni habari msikitini tuchangiane. Swadaka ya mwezi huu ina mahali pake hapo.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, waongoze madaktari wetu, na utupe nuru machoni na mioyoni. Amin.

Wabillahi tawfiq.