Dondoo muhimu: Mtahiniwa mwenye ulemavu katika mtihani wa taifa

Enyi walimu na wazazi wa Njombe na Makambako, ili mtoto mwenye ulemavu asidhulumiwe siku ya mtihani, yafaa myazingatie haya:

• Usajili. Hali yake ibainishwe tangu wakati wa usajili, kwani karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa huandaliwa mapema na Baraza la Mitihani la Tanzania, wala hazipatikani asubuhi ya mtihani.

• Muda. Dakika 20 za ziada kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 katika masomo mengineyo, ni haki yake, wala si hisani ya msimamizi.

• Vidole. Kwa kuwa baridi ya asubuhi hutia ganzi vidole, navyo ndivyo asiyeona asomeavyo, apewe chumba kisichopenyeza upepo, na glavu azivue karatasi zikishagawiwa.

• Macho. Mwenye ualbino au uoni hafifu aketi mbali na dirisha lipigwalo na jua.

• Masikio. Kila agizo litamkwalo kwa mdomo liandikwe ubaoni, au kiziwi afasiriwe kwa lugha ya alama.