Baada ya Mr. Bean, tutazame nini?

Swali: Hapa nyumbani tumeshamaliza vipindi vyote vya Mr. Bean. Tuendelee na vichekesho gani vya Uingereza?

Jibu: Anzeni na Fawlty Towers, ya John Cleese na Connie Booth. Ni vipindi 12 tu, vya 1975 na 1979, na hakuna hata kimoja kilicholegea. Mhusika mkuu, Basil, ana hoteli mjini Torquay, lakini wageni anawaona kero. Mtazameni gari linapomzimikia njiani: analikaripia, analihesabia hadi tatu, kisha anakwenda kuleta tawi la mti na kulichapa! Ndani ya kicheko hicho mna uchungu wa mtu anayetamani heshima asiyoipata. Halafu Yes Minister, iliyoanza 1980: Waziri Hacker anaamuru, katibu wake Humphrey anaitikia kwa adabu, na mambo yanabaki palepale. Hiyo ina maneno mengi. Watoto huenda wakachoka.